KIBARUA MPAKA LINI?

(Mazungumzo na vijana wa Kilindoni, Mafia)



Leo sikuja kurusha vijembe vya jukwaani. Nina swali moja tu: wewe uliyeajiriwa, barua yako ya ajira iko wapi?

Naona mnatazamana. Najua! Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi katika hoteli moja ya watalii hapa kisiwani. Nilianza kwa kubeba mitungi ya wapiga mbizi. Baadaye nikashika usukani wa boti, nawapeleka wageni Chole, nawatafutia papa potwe. Akiletwa msimamizi kutoka bara, mimi ndiye niliyemfundisha bamvua na maji mafu, mwamba uko wapi, mkondo uko wapi. Lakini kwenye daftari la malipo nilibaki "kibarua". Siku moja nikauliza habari ya cheo. Kesho yake nikaambiwa nisirudi. Miaka miwili, sikutoka hata na kipande cha karatasi!

Uonevu ulikuwa wa bosi. Kutojua sheria kulikuwa kwangu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi: kazi yako ni ipi, umeanza lini, mkataba ni wa muda gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Mkifika kwenye shauri naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Ukiondoka, akupe cheti cha utumishi. Ukiachishwa kwa uonevu, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mimi nilikaa miezi mitatu nikinung'unika barazani!

Tangu Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa hapa mwaka 1995, tunaimbiwa ajira. Ajira gani? Ya kubeba mitungi mpaka uzeeni? Nchi ilirudisha vyama vingi mwaka 1992, lakini kazini bado chama ni kimoja: bosi ndiye mwenyekiti, ndiye na hakimu. Meneja wa kweli humwambia kijana: hii ndiyo ngazi, ukijua hiki na hiki unapanda. Anayeficha ngazi analinda kiti chake tu.

Basi fanya hivi. Nunua daftari. Andika tarehe, safari, injini uliyotengeneza, mtu uliyemfundisha. Omba barua kwa maandishi, ubaki na nakala. Msiende mmoja mmoja mkaliwa kama dagaa. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na hifadhi, kipo kwa ajili hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana mwenzangu, jasho lako nalo ni mali.