Karani wa Mizani: Maneno ya Wazazi kuhusu Kazi ya Kwanza ya Binti Yao



Tumeombwa kusema machache juu ya kijana anayeanza kazi na nyumba inayompokea jioni. Tunaposema "sisi" ni baba na mama wa binti mmoja, ambaye alimaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyasema haya, kwa sharti kwamba tusimsifu.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Miezi hiyo ya kati ni mirefu. Katika nyumba zetu za kibiashara jibu lake lilikuwa moja tangu zamani: mtoto huketi dukani, hapewi mshahara, wala hakuna anayeiita kazi. Tumelelewa kwa habari za Muljibhai Madhvani, aliyefika Uganda mwaka 1908 akiwa kijana wa miaka 14, akaanzia katika biashara ya jamaa zake. Habari hizo husimuliwa kana kwamba kila mtoto anayewekwa nyuma ya kaunta ataishia kumiliki kiwanda cha sukari kama kile cha Kakira. Wengi wetu tumeishia na kaunta ileile.

Binti yetu aliikataa kaunta ya nyumbani. Alitafuta mwenyewe, akapata ukarani kwa mfanyabiashara mmoja wa dagaa huko Mwaloni, Kirumba. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani, kusoma uzito wa kila gunia na kuuandika daftarini.

Majirani wetu mnajua kwamba nyumbani kwetu hatuli nyama wala samaki. Tumeishi ufukweni mwa ziwa hili vizazi vitatu bila kuonja kilichomo ndani yake. Ba, yaani bibi yake mzaa baba, aliuliza swali moja tu: mtoto atapitaje mbele ya madhabahu ya nyumbani akiwa na harufu ile? Likapatikana suluhisho: bafu la uani, nguo za kazi kufuliwa peke yake, kisha ndipo ashike taa ya aarti. Ilikuwa jambo dogo, lakini chakula cha jioni kilisogea kwa saa nzima, na mdogo wake alinung'unika hadi Februari.

Upande wa sheria tulijiridhisha kabla hatujaridhia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, kiwandani wala melini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Tuliyataja haya kwa mwajiri kwa heshima, kwa kuwa biashara ya dagaa haifuati saa za ofisi. Wavuvi huwavua gizani kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hupumzika, na magari ya mizigo yanayokwenda hata nje ya nchi hupakiwa wakati wowote. Mwajiri alikubali, na katika hilo alitimiza ahadi yake.

Mshahara wa kwanza aliuweka mikononi mwa Ba. Ba aliugusisha kwenye paji la uso, akamrudishia. Sehemu ikaingia katika sanduku la sadaka la hekalu hili. Iliyobaki tulikuwa tumekwisha kuipangia matumizi vichwani mwetu, tukitaja akiba na ada. Naye, bila kumwuliza mtu, akanunua umeme wa LUKU wa nyumba nzima. Tangu siku hiyo amri ya kuzima taa ilitoka kwake, na sisi tulioisema kwa miaka mingi bila mafanikio tuliitii.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa tatu alikuja mezani kimya. Mwajiri alikuwa na desturi ya kukata kilo kadhaa katika kila gunia kwa ajili ya mchanga na unyevu, hata gunia likiwa kavu na safi. Binti alikuwa akiandika namba mbili: uzito uliosomwa na mizani, na uzito uliolipwa. Mama mmoja kutoka visiwani aliomba kuziona, akaonyeshwa. Kesho yake karani akaagizwa kuandika namba moja tu, ile ya pili.

Wageni wetu, neno mizani lina uzito wake katika mji huu. Wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamikia mizani ya wanunuzi, na wengi wa wanunuzi hao walikuwa watu wa asili yetu. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyovipa nguvu vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Katika sherehe kama hizi sisi hupenda kutaja shule na zahanati zilizojengwa na wazee wetu, na ni haki kuzitaja. Mizani huwa hatuitaji. Ba ana umri wa kukumbuka siku za ununuzi wa pamba, na usiku ule ni yeye aliyeyaeleza, mbele ya wajukuu, pasipo kupunguza kitu.

Sisi wawili hatukukubaliana. Mama alitaka binti aache kazi asubuhi ileile. Baba aliona kwamba akiondoka atawekwa karani mwingine asiye na swali, na mama yule wa visiwani hatapata hata mtu wa kumwonyesha namba. Ba alimwambia mjukuu aandike anachokiona. Binti alitusikiliza sote, akaenda kumwomba mwajiri amwondoe kwenye mizani, ampe kazi ya kuhesabu magunia yanayopakiwa. Akakubaliwa. Alibaki hadi Juni. Mama bado anasema kwamba huko kulikuwa kukwepa; baba anasema kwamba kijana wa miaka 17 alilinda mkono wake usiandike uongo, na kwamba watu wazima wengi hawajafika hapo. Tumeshindwa kusuluhishana, na tumekubali kuyasema mbele yenu hivyo hivyo.

Kabla ya kwenda shule ya bweni alizunguka dukani kwetu, akainama chini ya mizani yetu kutafuta chapa ya Wakala wa Vipimo. Aliikuta. Hakusema neno, akaendelea na mizani ya pili.

Daftari lake la kwanza, lenye namba mbili, aliliacha nyumbani. Kama mjuavyo, wakati wa Diwali vitabu vya hesabu huwekwa mbele ya Lakshmi, na Ba ameagiza kwamba mwaka huu daftari hilo liwekwe pamoja na vitabu vya duka. Kwa sasa liko kabatini, limeviringishwa kwa kitambaa mara mbili kwa sababu ya harufu ya dagaa.