Hotuba: Kutia Vito katika Pete za Fedha



Huku Kericho, utajiri wa ardhi ukitajwa, mawazo huelekea chai. Lakini huko Mangare, katika Taita-Taveta, yakuti nyekundu zilivumbuliwa mwaka 1973. Nyingi hazipitishi nuru vizuri, kwa hiyo hazikatwi pembe-pembe. Husuguliwa hata zikawa bapa chini na mviringo juu, mfano wa nusu ya yai.

Ili kulishika jiwe la namna hiyo, sonara huzungusha utepe mwembamba wa fedha kwa kipimo chake, akauunga kwa lihamu juu ya bamba. (Masonara wa Lamu hushika hivyo hivyo vigae vya kaure ya kale.) Hapo ndipo fundi mwenye haraka huharibu. Kazi yote ya moto sharti imalizike kabla jiwe halijatiwa, kwani feruzi, kwa mfano, ikipata moto hubadilika rangi au hupasuka.

Jiwe likiwa dogo, kosa la unene wa ukucha ni kubwa: ukingo mrefu hulifunika, mfupi haulishiki. Basi ukingo hukandamizwa upande mmoja, kisha upande ulioelekeana nao, ndipo pande mbili zilizobaki. Fundi akiuzungukia mfululizo tangu mwanzo, ukingo hujikunja mahali pamoja.

Nawe unayenunua pete kwa mshahara wa kuchuma chai, usione haya kuitikisa karibu na sikio kabla ya kulipa. Jiwe likigonga, mrudishie sonara. Asitie gundi, bali aukandamize ukingo upya.