Sindano Iufuate Mkono

Msikilizaji, mwanamke akiviringa kitenge, akatengeneza ngata, ndipo akajitwika ndoo ya maji, hakuna anayemwambia kwamba amekwepa kazi. Ndoo ni ileile na mwendo wa kutoka kisimani ni uleule. Ngata imetuliza tu uzito mahali ambapo mwili unaweza kuubeba. Lakini fundi wa sweta akibadili namna ya kushika sindano kwa kuwa kidole gumba kinamuuma, huambiwa anafuma vibaya, arudi kwenye mkao aliofundishwa. Naiona hukumu hiyo kuwa ni ya kimakosa, tena yenye madhara. Kanda za baridi, Limuru mpaka Njombe, zina kina mama wengi wanaotegemea sindano hizo mbili, na kidole kikigoma, riziki nayo inagoma.

Tuanze na mkono wenyewe. Kufuma kunaonekana kazi nyepesi kwa sababu hufanywa kwa kukaa, na uzi hauna uzito wa jembe. Uzito umejificha kwenye kubana. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Cooney na Chao, walikokotoa nguvu zinazopita ndani ya kidole gumba, wakaona kwamba ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1, ungio la chini kabisa la gumba, lile lililo karibu na kifundo cha mkono, hukandamizwa kwa takriban kilo 12. Sasa fikiria sweta ya mtu mzima, ambayo ina maelfu ya vitanzi, na kila kitanzi kina kubana kwake. Kano nazo zina hesabu yao. Zinazovuta gumba hupita ndani ya ala, kama kisu, na ala hiyo ikinenepa, kila msogeo ni msuguano. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyaeleza maradhi hayo tangu mwaka 1895. Kwa hiyo mfumaji anayelalamika maumivu hadeki. Anataja jambo linalopimika.

Je, kuna mkao mmoja ulio sahihi? Historia ya ufumaji inakataa. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, wanawake walivaa kiunoni mkanda wa ngozi wenye kifuko kilichojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Ncha ya nyuma ya sindano ya kulia ilichomekwa kwenye tundu, ikasimama yenyewe, na mkono wa kulia ukabaki na kazi moja tu, ya kupitisha uzi. Picha za zamani zinawaonyesha wakifuma huku wanatembea, vikapu vya mboji ya kuwashia moto vikiwa mgongoni. Ureno nako uzi huzungushwa shingoni, au hupitishwa kwenye pini iliyochomekwa kifuani, ili shingo au nguo ndiyo iukaze badala ya vidole. Kidole gumba cha kushoto husukuma uzi kidogo tu na kitanzi kimepatikana. Nasi tunaijua hekima hiyo kwa njia nyingine: wasusi wa kiondo husokota nyuzi za katani juu ya paja, kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole.

Hapa kuna hoja ninayotaka iwaingie hasa wanaofundisha ufundi huu. Njia hizi hazitofautiani kwa ubora. Zinatofautiana kwa kiungo zinachokitwisha mzigo. Kurusha uzi kwa mkono wa kulia huchosha kifundo na bega la kulia. Kuushika uzi kwa mkono wa kushoto na kuuchota kwa ncha ya sindano huokoa bega hilo, lakini kidole cha shahada cha kushoto hukaa kimekakamaa saa nzima. Mtindo wa Ureno humfaa mwenye bega bovu na mwenye kidole hicho kibovu, ila mwenye gumba la kushoto bovu asiuguse. Sindano ndefu hubeba sweta nzima kwenye ncha, na vifundo vya mikono ndivyo vinavyoiinua. Sindano za mviringo, zilizounganishwa kwa waya laini, huilaza sweta mapajani. Uzi wa pamba haunyumbuki, kwa hiyo vidole ndivyo vinavyonyumbuka kwa niaba yake, wakati uzi wa sufu hutii. Anayetumia kroshia anaweza kulinenepesha shina lake kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kwani kitu kinene hakidai kubanwa sana.

Wapo watakaosema kwamba fundi anayelipwa kwa kila sweta hana muda wa kujifunza upya. Ni pingamizi la kweli, maana wiki za mwanzo mkono huwa mzito. Lakini mkanda wa Shetland haukubuniwa na watu wenye nafasi. Mwaka 1872 tume ya serikali ya Uingereza ilipokea ushahidi wa wafumaji wa visiwa hivyo waliolipwa majani ya chai na vitambaa badala ya fedha. Maskini kama wale wasingeng'ang'ania kifaa kinachowachelewesha. Wengine watasema dawa ni kupumzika, si kubadili mtindo. Kupumzika kunahitajika, ila anayerudi kwenye mbano uleule anarudi kwenye maumivu yaleyale. Na yapo maumivu ambayo sindano haina la kufanya: ganzi inayomwamsha mtu usiku kuanzia gumba hadi kidole cha kati, au vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vinavyovimba na kukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Hayo ni ya kupeleka hospitali mapema, kwa sababu baridi yabisi ikicheleweshewa tiba huharibu maungio.

Pingamizi zito zaidi ni la mwonekano wa kazi. Mkono mpya hukaza au hulegeza uzi tofauti na ule wa zamani, na mteja ataona mstari. Ndiyo maana fundi afume kwanza kipande cha vitanzi 20 kwa njia mpya, akilaze juu ya kile cha njia ya zamani. Kikitokea kipana zaidi, achukue sindano nyembamba kidogo, kikiwa chembamba, achukue nene. Asibadili katikati ya kifua. Kama mwili wa sweta umeshakwisha, mikono yake ndiyo pa kuanzia, yote miwili kwa njia mpya, kwa sababu jicho la mteja hulinganisha mkono wa sweta na mwenzake.