Wafungwa Wawili wa Landsberg



Leo nawaomba tulitazame gereza moja, lile la Landsberg, lililo magharibi ya mji wa Munich huko Ujerumani. Wamepata kufungwa humo watu wawili ambao vifungo vyao vyafaa kulinganishwa.

Wa kwanza ni Adolf Hitler. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1923 aliingia na watu wenye silaha katika ukumbi wa bia mjini Munich, akafyatua risasi darini na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kesho yake waasi wapatao 2,000 waliandamana mpaka katikati ya mji. Polisi waliwazuia, wanne kati ya polisi hao waliuawa. Maasi yakazimika.

Je, haki ilitendeka? Majaji walivutwa na madai yake ya uzalendo. Walimpa miaka mitano, naye akawa nje Desemba 1924. Sheria ilitaka mgeni mwenye kosa kama hilo afukuzwe nchini, naye alikuwa Mwaustria, mahakama ikakataa. Gerezani alipokea wageni, akaandika kitabu. Tarehe 30 Januari 1933 alikabidhiwa uongozi wa serikali, safari hii bila kufyatua risasi.

Wa pili ni Mwenye heri Rupert Mayer, padre Mjesuiti, aliyepoteza mguu wa kushoto mwaka 1916 akiwahudumia askari vitani. Tangu mwaka ule wa 1923 aliwaambia watu wa Munich waziwazi kwamba Mkatoliki hawezi kuwa Mnazi. (Nasi tusijitukuze: Machi 1933 maaskofu wa Ujerumani waliondoa makatazo yao dhidi ya chama hicho, na waamini wengi walikifuata.) Mwaka 1937 alikamatwa kwa sababu ya mahubiri yake, akahukumiwa miezi sita, ila adhabu ikaahirishwa. Wakubwa wake wa shirika wakamtaka anyamaze. Alitii, ingawa utii huo ulimwumiza kuliko kifungo. Wanazi nao wakautumia ukimya wake kumchafulia jina mbele ya watu. Ndipo wakubwa walipomruhusu kurudi mimbarini, na mapema mwaka 1938 akatiwa Landsberg.

Hakuua polisi. Alihubiri.

Mwaka 1939 alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Afya yake ilipodhoofika sana, watawala waliogopa asife mikononi mwao akaheshimiwa kama shahidi. Kwa hiyo mwaka 1940 wakamfungia katika abasia ya Ettal, wakimkataza kabisa kuhubiri. Alikaa humo mpaka Mei 1945, utawala ule ulipoanguka.

Alirudi Munich kwenye magofu, akaanza kutafutia maskini chakula na nguo. Tarehe 1 Novemba 1945, Sikukuu ya Watakatifu Wote, kiharusi kilimpata katikati ya Misa, akihubiri.