Daudi Alivua Mavazi ya Sauli

Ninyi wa Nakivale na ninyi wa Mbarara, nimekuja hapa Biharwe na neno moja tu. Kuna watu husema kujiamini ni kiburi. Someni 1 Samweli 17. Daudi alivikwa mavazi ya vita ya mfalme, akajaribu kutembea, akashindwa, akayavua. Nabii Samweli alikuwa hai, lakini hatusomi kwamba Daudi alituma mtu kumwuliza. Simba na dubu alishawaua. Kombeo alilijua.

Sasa wewe mama, ulivuka mpaka usiku, mtoto mgongoni, njia ukachagua mwenyewe. Leo unapanga foleni kwa mtumishi, bahasha mkononi, umwulize kama upande maharage ao mahindi! (Na mtumishi mwenyewe jembe hashiki.) Shamba unalilima wewe, mvua unaiona wewe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kusafiri. Unangoja ruhusa ya nani tena?

Sisemi msiombe. Ombeni! Ila ukishasema amina, inuka ushike jembe. Nyanya zimeiva, haziwezi kungoja unabii.