Kipuri Kilichobaki Stoo: Kinaingia Pampu Ipi?

(Mada iliyowasilishwa katika mkutano wa hadhara wa kata)



Baada ya matengenezo ya visima, stoo za kamati nyingi hubaki na vipuri vya pampu za mkono ambavyo hakuna anayekumbuka vilinunuliwa kwa kisima kipi. Hiyo ni mali ya wananchi. Vikitambuliwa, huokoa fedha na muda. Vikifungwa kwa kubahatisha, kisima husimama na akina mama hurejea kwenye dimbwi.

Kwanza, itambuliwe pampu yenyewe. Nira AF-85 haina mpini wa kubonyeza. Mtumiaji hushika kishikio chenye umbo la herufi T, akakivuta juu na kukisukuma chini. India Mark II ina mnyororo ndani ya kichwa chake, na mabomba yake ya kupandishia maji ni ya chuma. Afridev haina mnyororo. Mabomba yake ni ya plastiki, na mpini wake huchezea kwenye beringi za plastiki.

Pili, kipuri kipimwe kwa rula. Silinda ya Afridev ina kipenyo cha ndani cha milimita 50. Ya India Mark II ni milimita 63.5. Mpira wa pistoni ulio mdogo huruhusu maji kurudi chini. Ulio mkubwa hauingii. Umbo nalo litazamwe: mpira wa Afridev ukikatwa huonyesha herufi U, ilhali washa ya India Mark II hufanana na kikombe.

Tatu, ieleweke kuwa kipuri kimoja chaweza kufaa sehemu mbili. Katika Afridev, bobini ya pistoni ndiyo hiyo hiyo ya valvu ya chini, na beringi za egemeo la mpini ndizo hizo hizo za kiungo cha fimbo. Kilichobaki upande mmoja kisitupwe.

Nne, mpira uliokauka au kupasuka usifungwe, hata kama kipimo chake ni sahihi.

Kila kipuri kilichotambuliwa kitiwe mfukoni chenye lebo ya jina la pampu, kipimo na idadi, kisha kiandikwe katika daftari la kamati na kusomwa mkutanoni. Kisichotambulika kipelekwe kwa fundi pamoja na kile cha zamani kilichotolewa kisimani, vilinganishwe. Mali bila daftari hupotea mchana kweupe.