Mwana Anayesoma na Baba Asiyelipa
(Mhadhara wa umma, Kaloleni, Kisumu)



Nimetakiwa niseme juu ya kijana anayekwenda chuo kikuu ilhali wazazi wake hawamlipii, na kabla sijaingia katika hesabu ningependa kuiondoa dhana moja iliyoenea, nayo ni ile inayodai kwamba hapo zamani kila msomi wa ufuko huu wa ziwa alisomeshwa na babaye, na kwamba kusomeshwa na mtu baki ni unyonge uliozuka katika zama zetu. Tarehe haiikubali dhana hiyo. Wale wanafunzi 81 walioruka kutoka Nairobi Septemba 1959 kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni watu wa kisiwa cha Rusinga, nauli yao haikutoka mifukoni mwa wazazi. Ilichangishwa ng'ambo na watu kama Jackie Robinson, mchezaji besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, na mwaka uliofuata wakfu wa ukoo wa Kennedy ukaahidi dola 100,000 kwa safari nyingine, na huku nyumbani watu wakaandaa karamu za chai na ngoma, wakauza ng'ombe, ili kijana asifike ugenini mikono mitupu. Jaramogi Oginga Odinga naye, ambaye tangu miaka ya 1940 alikuwa akiwahimiza watu wa hapa kuunganisha akiba zao katika Luo Thrift and Trading Corporation, aliwafungulia wengine njia ya Cairo, wakaishia Moscow na miji mingine ya Ulaya ya Mashariki. Ilipofika miaka ya 1970, Chuo cha Ramogi kikasimamishwa kwa harambee. Katika habari zote hizi, mzazi yumo kama mmoja wa wachangaji, na aghalabu si yeye mkubwa wao.

Ama serikali yetu, imeshika njia nyingine. Zamani za “boom”, mwanafunzi alipopewa posho, jambo ambalo vijana wa leo wakisimuliwa hawaliamini, haikuwa na haja kubwa ya kujua baba ni nani. Lakini tangu 1991, ilipoamuliwa kwamba gharama za chuo zigawanywe, na tangu sheria ya 1995 iliyounda Bodi ya Mikopo, yaani HELB, swali la kwanza limekuwa ni la nyumba uliyotoka. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 ulilikaza swali hilo zaidi: kaya ziligawanywa katika mabendi matano, fukara kabisa ikatakiwa itoe asilimia 5 ya gharama, na ile yenye nafasi asilimia 40. Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huo Desemba 2024, na Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo mwaka uliofuata. Lakini mabishano hayo ya wanasheria hayakuligusa jambo ninalotaka kulisema, kwa kuwa pande zote mbili zilizungumza kana kwamba kaya ni kitu kimoja chenye mfuko mmoja.

Yatima, pamoja na dhiki yake, ana mlango wa kubisha. Nyanza iliteseka kwa maradhi ya UKIMWI kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, na waliolelewa na nyanya zao wakafika chuo kikuu ni wengi; fomu ya mkopo inawataka cheti cha kifo, na ingawa kukitafuta cheti cha mtu aliyezikwa kijijini miaka mingi iliyopita ni safari ya kumwandama naibu wa chifu kutwa kucha, mwisho wake karatasi hupatikana. Taabu kubwa iko kwa yule ambaye baba yu hai, ana mshahara, ana nambari ya kodi, na alihamia nyumba nyingine zamani. Huyu huhesabiwa kuwa mwana wa mwenye nafasi. Mamaye anauza mitumba Kibuye siku ya Jumapili, ada ya muhula wa kwanza imetoka katika zamu yake ya nyoluoro, yaani mchango wa kupokezana, na bado kwenye kompyuta kijana anasomeka kuwa ni wa bendi ya juu. Hakuna afisi itoayo cheti cha baba aliyekataa.

Mtaniambia kwamba sheria ipo, na ni kweli: Sheria ya Watoto inairuhusu mahakama kuurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18, mwana akiwa masomoni. Lakini ni kijana gani wa hapa atakayempeleka babaye kortini, akijua kwamba kila balaa litakalompata baadaye, hata mtihani akishindwa, wazee watasema ni chira, yaani balaa la kuvunja mwiko? Basari ya CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, nayo si ya kubezwa, na nyote mnajua ilivyo: huja ikiwa imechelewa, tena hugawanywa vipande vidogo ili kila kijiji kionekane kimepata.

Wenzetu wa nje wamelitatua suala hili la mzazi asiyelipa kwa namna mbili. Marekani humhesabu mwanafunzi kuwa wa wazazi wake mpaka atimize miaka 24, isipokuwa ameoa au kuolewa, au ni yatima, au ana udhuru mwingine unaotambuliwa. Njia hiyo siipendi, kwa kuwa inamtupia mwana mzigo wa kuthibitisha aibu ya nyumbani kwao. Ujerumani, kwa upande wake, imeweka kwamba mzazi mwenye uwezo akikataa, na masomo yakawa hatarini, dola humpa mwanafunzi fungu la mzazi huyo kwanza, kisha yenyewe ikamwandama mzazi.

Najua jibu litakalotoka Nairobi, kwamba tukiifuata njia ya Ujerumani kila baba atajificha. Hofu hiyo si ya bure, lakini angalieni jinsi tunavyomfuata mwana. Mkopo wake una riba ya asilimia 4. Akichelewa kulipa hutozwa shilingi 5,000 kila mwezi. Na mwajiri amefaradhishwa na sheria kuiarifu Bodi katika miezi mitatu tangu amwajiri, kisha akate sehemu ya mshahara na kuipeleka. Mashine hiyo yote tayari imeundwa na inafanya kazi. Kinachotakiwa ni kifungu kimoja cha sheria kitakachoiruhusu Bodi kusoma nambari ya kodi ya baba kama inavyoisoma ya mwanawe, na kumwandikia mwajiri wake barua ile ile.